Mashine ya Kuoshea Brashi za Maharusi

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli pale Konde, kisiwani Pemba, na kazi yangu mimi ilikuwa kupamba maharusi. Watu walitutania kwamba nyumba yetu ina mafuta ya aina mbili, ya cheni na ya nywele, na iko siku tutabadilisha chupa na kumpaka bibi harusi grisi. Tulicheka pamoja nao. Miaka ile, kabla ya mapinduzi, nilikuwa kijana mwenye maneno mengi na sikuona kwamba kuna jambo katika kazi yangu linaloweza kunishinda.

Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, aliyekuwa somo wa karibu nusu ya wanawake wa Konde. Somo ndiye anayekaa na mwari siku saba kabla ya harusi, akamfunza namna ya kuishi na mume na namna ya kuishi na watu wa mume, ambayo ndiyo kazi kubwa zaidi. Shangazi alipamba kwa vidole vyake. Liwa ya msandali kwa vidole, poda kwa pamba, wanja kwa kijiti cha shaba. Mimi nikaja na brashi. Zilikuwa tatu, nililetewa na binamu yangu kutoka Mombasa: kubwa ya poda, ya kati ya rangi ya mashavu, na moja nyembamba ya kupaka rangi juu ya kope. Shangazi alipoziona hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza tu, "Nyoya za mnyama gani hizi?" Ikanibidi niandike barua Mombasa, na mpaka jibu liliporudi kwamba ni mbuzi, si nguruwe, brashi zangu hazikugusa uso wa ntu, kama alivyosema mwenyewe.

Brashi ni kitu cha raha mpaka siku ya kuiosha. Niliisugua kiganjani kwa sabuni ya mche, nyoya zikang'oka, maji yakaingia kwenye mpini, na katika mvua za vuli ilichukua siku mbili kukauka. Shangazi aliniona nikihangaika akaniambia niache. "Brashi iliyopamba maharusi kumi ina baraka za maharusi kumi. Weye wataka kuzimwaga uwani?" Mvivu hahitaji kuambiwa mara mbili. Mwaka mzima sikuosha kitu, nikawa nazikung'uta tu ukutani.

Kisha bibi harusi mmoja wa kisiwani Fundo akatokwa na vipele mashavuni akiwa ndani ya fungate, na aliyemfuatia, wa hapo hapo Konde, akatokwa na vipele vile vile mahali pale pale. Hakuna aliyenilaumu. Walisema ni jicho la watu, wakachomewa ubani. Lakini mimi nilikuwa najua ni mkono gani ulipita pale, na nikaanza kuliogopa sanduku langu mwenyewe la mapambo.

Mume wangu alinikuta uwani nimechutama mbele ya beseni, nasugua brashi na kulia kwa hasira. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliichukua ile brashi, akaizungusha baina ya viganja vyake viwili, maji yakamrukia usoni, naye akatabasamu peke yake. Siku tatu zilizofuata baiskeli za watu zilikaa zimepinduliwa barazani bila ya mtu wa kuzitazama.

Alichokitengeneza kilikuwa hivi. Ubao mpana wa kutosha kulala juu ya beseni. Juu ya ubao, giya kubwa ya baiskeli imelazwa kama sahani, na pedeli yake imegeuzwa kuwa mkono wa kuzungushia. Kutoka hapo cheni inakwenda kwenye giya ndogo, na giya ndogo imeshika chuma kilichopita kwenye tundu la ubao kikaning'inia chini. Mwisho wa chuma aliweka kipande cha mpira, ukichomeka mpini wa brashi ndani yake unashika, hauchomoki. Unatia maji ya moto na sabuni kwenye beseni, unaweka ubao juu, unazungusha pedeli. Brashi inazunguka huko chini mbio, povu linakuwa jeusi. Ukimaliza unamwaga maji, unazungusha tena beseni likiwa tupu, na maji yote yanaruka kutoka kwenye nyoya. Brashi iliyokuwa ikikauka siku mbili ikawa inakauka kabla sijamaliza kusali adhuhuri.

Wanawake walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kutazama mtoto mchanga. Kila mmoja alitaka kuzungusha. Shangazi naye alikuja, akasimama mbali kidogo na lile beseni, akasema mume wangu angekuwa na akili angetengeneza mashine ya kukuna nazi. Nilimjibu kwamba ile ya nazi tutamtengenezea yeye atakapoolewa tena. Aliondoka bila ya kuniaga, na kwa kweli nilistahili.

Tatizo lilikuwa moja: brashi sasa zilikuwa safi kiasi cha kunuka mnyama mwenyewe. Zile poda na manukato ya mwaka mzima yalipotoka, alibaki mbuzi. Zikiwa zimeloa zilinuka beberu waziwazi, na zikikauka bado alikuwepo kwa mbali. Nikajiona nimempitishia bibi harusi brashi usoni, na wifi mtu ameinama kumbusu, akanyanyua kichwa na kutazama kama kuna mbuzi mlangoni. Sikupata usingizi kwa fikra hiyo.

Ulikuwa msimu wa karafuu, msimu mkubwa. Konde nzima majamvi yalikuwa barabarani, karafuu zimeanikwa mpaka mtu hajui akanyage wapi, na sote tulikuwa tunachambua, mwenye shamba na asiye na shamba. Nyumbani nilikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu, kile ambacho kila nyumba inacho kwa ajili ya jino. Nikasema, dawa si hii hapa? Karafuu tunaitia kwenye chai, tunaitafuna, tunaisaga kwenye singo tukajisugulia mwili mzima. Harufu yake ni ya kwetu. Baada ya maji ya mwisho ya kusuuzia, nikamimina mafuta kwenye beseni. Mafuta yakazama chini. Nikazungusha mashine mpaka yakashika kwenye nyoya, nikazitoa brashi moja moja, nikafurahi namna zinavyonukia.

Wala sikuwa mjinga kabisa, nilijaribu kwanza. Niliipitisha brashi kiganjani, nikangoja, sikuhisi kitu. Sasa itazameni akili yangu: nilijaribu kwa kiganja kilichokuwa kimechambua karafuu mwezi mzima, kimekuwa kigumu kama gome la mti, vidole vyeusi vimeshika utomvu. Kiganja kile ningekitia pilipili kisingesema kitu. Hakuna mtu duniani ambaye angefanya kosa hilo isipokuwa Mpemba, na mimi nililifanya kwa furaha. Nikazifungia brashi ndani ya kopo la biskuti, nikalikaza kifuniko ili harufu isitoke.

Harusi ilikuwa Wete. Nilipanda gari la abiria asubuhi, kopo mapajani, jua limetuwakia njia nzima. Shangazi alikuwa ameshatangulia siku saba, maana yeye ndiye aliyekuwa somo wa bibi harusi huyo. Msichana mwenyewe alikuwa wa watu wa mashamba wa upande wetu waliohamia mjini, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na siku saba za singo na kukaa ndani zilikuwa zimeilainisha ngozi yake mpaka unaona haya kuigusa. Nilimwambia, "Mwanangu, leo hunipi mimi kazi yoyote. Mungu ameshapamba." Akacheka kwa pua. Hakusema neno, maana alikuwa ameshaanza kunyamaza.

Lazima nieleze habari ya kunyamaza. Kwetu, bibi harusi akishapambwa anakalishwa kitini mbele ya wanawake, na anakaa amefumba macho. Hatazami, hasemi, hacheki, hajikuni. Wageni wanapita, wanamtazama, wanamsifu, wanamtunza pesa, naye yuko kama hayupo. Akifumbua macho atasemwa kuwa kakaukwa na haya, na mama yake atasemwa kabla yake. Shangazi aliwafundisha maharusi wake jambo hilo kuliko mambo mengine yote, na walikuwa hodari kwelikweli.

Nilimpaka poda, nikampaka rangi mashavuni, na ile brashi nyembamba nikaipitisha juu ya kope zake mara tatu, nikataka rangi ishike. Sikusikia harufu yoyote ngeni, kwa sababu mji mzima ulinuka karafuu, na mimi mwenyewe nilinuka karafuu, na shangazi, na kanga zetu. Alifumba macho nikamtia wanja kwenye ukingo. Akatolewa.

Vigelegele vilikuwa vingi. Mama mtu alisimama nyuma ya kiti, na mawifi walikaa mbele kabisa juu ya mkeka, kama wanavyokaa mawifi popote, kutafuta kasoro. Haukupita muda nikaona chozi. Likashuka polepole, likafuatwa na jingine. Wanawake wakasisimka. "Mwaona? Analia!" "Kalelewa huyu!" "Yuamlilia mamake." Mama mtu aliposikia hivyo naye akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipwa taabu yake yote. Hata yule wifi mkubwa, aliyekuwa hajasifia kitu tangu kuingia, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi nilikuwa upande, nashika upepeo, na nikaona wanachokiona wao, kisha nikaona kingine. Mtu anayelia kwa huzuni, kifua chake kinapanda na kushuka. Huyu kifua kilikuwa kimetulia kabisa, ila vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja mpaka vimekuwa vyeupe. Nikasogea kama ninayempepea. Kope zilikuwa zimevimba. Chini ya poda, ngozi ilikuwa nyekundu kama iliyounguzwa na mvuke wa sufuria. Niliinama karibu zaidi, na hapo, pua yangu ikiwa karibu na jicho lake, ndipo niliposikia karafuu peke yake, kali, na nikajua nimefanya nini.

Nasema ukweli, nilichofikiria kwanza ni nafsi yangu. Nilifikiri, wageni wakimaliza kupita nitamtia ndani nimwoshe, na hakuna atakayejua, si analia? Kila mtu ana sababu yake nzuri ya yale machozi. Mbele yake walikuwa wamebaki wanawake kama thelathini. Nilihesabu watatu walivyopita. Wa nne alipoinama kumtazama, chozi likatoka likiwa na kitu kama usaha wa wanja, na nikaona hapana, macho ya mtu haya. Nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunika kichwa, nikamnyanyua.

"Wampeleka wapi?" shangazi aliniuliza kwa sauti ya chini, meno yamebanwa.

"Ndani."

"Watu hawajamaliza! Bibi harusi haondolewi kitini!"

"Shangazi, nimemuunguza."

Alitangulia mbele yangu akawasukuma watu kwa mabega yake yote mawili.

Ndani nilimmwagia maji. Yule mtoto, aliyekuwa hajatoa sauti mbele ya ukumbi mzima, aliguna. Nikachukua sabuni, ndiyo kabisa, akanishika mkono na kuutoa. Maji hayakuwa yakitoa kitu, yalikuwa yanayasogeza tu mafuta kutoka shavuni kwenda jichoni. Shangazi alianza kusoma dua. Mimi nilikuwa nimesimama, nina beseni mkononi, na kichwa changu kimekuwa kitupu. Nilikuwa nikiona tu jambo moja: msichana wa miaka kumi na minane, ameolewa leo, na mimi nimempofua kwa ajili ya harufu ya mbuzi.

Basi bibi harusi mwenyewe ndiye aliyefungua mdomo. Alisema, bado kafumba macho, kwa sauti ya mtu aliyechoka na wajinga:

"Si karafuu? Nipakeni tui."

Tulitazamana, mimi na shangazi. Sote watatu tulikuwa watu wa kuchambua. Kila msimu, jioni, mikono ikiwa imeshika utomvu, hakuna Mpemba anayekwenda kwenye maji kwanza. Unajisugua kwa chicha la nazi, kwa tui, mafuta yanafuata mafuta, halafu ndiyo sabuni. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Mpambaji na somo, wenye miaka yao, walikuwa wamelisahau kwa sababu mbele yao ulikuwa uso wa bibi harusi badala ya mikono ya mchambuzi.

Nilikimbia jikoni, ambako wapishi walikuwa wanakamulia wali wa harusi tui, nikabeba bakuli bila ya kuomba. Tulichovya pamba, tukampangusa kope, mashavu, paji, tukatupa pamba, tukachukua nyingine. Pamba za kwanza zilitoka na rangi zote za sanduku langu. Za baadaye zilitoka nyeupe. Nikamuona vidole vya miguu vinakunjuka. Shangazi akaacha kusoma akamshika kichwa, nami nikamwambia, "Mwanangu, fumbua macho. Haya, hapa hakuna wageni. Fumbua uniambie unaona nini."

Alichukua muda. Akafumbua la kulia, kisha la kushoto, mekundu yote mawili. Akanitazama usoni.

"Nakuona weye," alisema. "Wanja wako wote umeshuka mpaka kidevuni."

Nilikaa chini sakafuni, juu ya maji na pamba, nikacheka na kulia kwa pamoja. Alhamdulillahi nilizozisema pale sikuzihesabu. Shangazi alinipiga kibao cha mgongo, hakikuwa cha mapenzi, nami nilikipokea kwa shukurani kwa sababu jicho lilikuwa linaona.

Tukamrudisha kitini uso mtupu, unang'aa kwa tui, bila ya poda wala rangi. Mawifi walinong'onezana kidogo, kisha wifi mkubwa akasema kwa sauti kwamba hivi ndivyo wanavyopambwa watu wa Unguja sasa, na ikawa ndiyo hivyo. Sikumkanusha. Lakini mama mtu nilimvuta pembeni nikamweleza yote, kichupa, brashi, kope. Aliniacha nimalize. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akaniuliza tu, "Kwa hivyo ntoto hakuwa akinililia miye?" Akaitengeneza kanga yake kichwani, akasema, "Bora hivyo. Macho yake nayataka mazima," akarudi kwa wageni wake.

Fungate ilipokwisha nilikwenda Wete na kikapu cha maembe kuomba radhi rasmi. Nilimkuta amekaa anachagua mchele, ngozi safi, macho meupe, anachagua vichenga vidogo kuliko ninavyoweza kuona mimi. Moyo ulitua. Tulizungumza haya na yale, na mwisho nikamuuliza kitu kilichokuwa kikinisumbua siku zote zile. Ilianza lini kumuuma?

"Ulipopaka tu," alisema. "Brashi ya kwanza."

"Na mbona hukuniambia? Tulikuwa ndani, wawili tu, hata hujatoka."

Aliendelea kuchagua mchele. "Siku saba naambiwa nivumilie. Yatauma, nivumilie. Nisiseme. Basi ulipoanza kuniuma nikajua ndiyo yenyewe. Nilidhani ndivyo ilivyo kuolewa."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama anayenieleza njia ya sokoni, na mimi nilikaa pale na kikapu changu nikiwa sina pa kukiweka.

Nilipofika Konde nilikimwaga kile kichupa shimoni. Mashine sikuivunja, haikuwa na kosa lolote. Niliizungusha kwa mafuta mazuri ya nazi kwanza, halafu sabuni, halafu maji matupu mara nyingi, na habari ya mbuzi nikaimaliza kwa kuzifukiza brashi juu ya kitezo cha udi, kama tunavyofukiza nguo. Kila brashi niliijaribu juu ya kope yangu mwenyewe. Mume wangu alinikuta siku moja nina jicho moja limepakwa na jingine halijapakwa, akarudi barazani kwake bila ya kuuliza.

Na jambo moja zaidi nililibadilisha. Harusi iliyofuata ilikuwa Konde, na somo alikuwa yule yule shangazi, ameshamfundisha mwari uvumilivu wake wote. Nilimkalisha msichana, nikafungua kopo, nikamwambia mbele ya shangazi, "Sikiliza. Haya mengine ya shangazi yafuate. Lakini hapa kwangu, ukihisi kitu, sema. Ukiwashwa sema. Ukiumwa piga kelele, mpaka Wete wasikie." Shangazi alifungua mdomo. Nilimtazama. Akaufunga, akageukia ukuta akajifanya anakunja kanga.

Nikachukua brashi kubwa ya poda, safi, kavu, nikaigusisha shingoni mwa yule msichana.

"Iii!" alipiga kelele, akaruka kitini, poda ikamwagika yote. "Yanitekenya!"

Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu," nikaanza tena upya.